Diani ama Watamu? Kwa wanafunzi wa Nairobi wanaopanga kwenda Pwani likizo ya Aprili

Kila mwaka muhula ukikaribia kuisha, magrupu ya WhatsApp ya kempasi hapa Nairobi yanawaka na ile stori ya twendeni Pwani. Mmoja anatupa picha ya Diani, mwingine anajibu na ya Watamu, hapo sasa watu wanaanza kubishana bahari ya wapi ni bluu zaidi na hayo maneno yanaenda wiki mbili bila kuisha, juu kusema ukweli kote maji ni ya bluu na kote mchanga ni mweupe. Mimi ndio huachiwa kazi ya kupanga safari za darasa letu na sianzi na picha. Nauliza vitu viwili tu: mtalala huko usiku ngapi, na mko watu wangapi. Majibu yakija, mara nyingi mji umeshajichagua.

Nianze na njia manake hapo ndio kuna tofauti kubwa na hapo ndio watu hawaangalii.

Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, na hizo ni za kila mtu. Ukishafika Mombasa ndio barabara zinaachana. Diani iko kusini, kaunti ya Kwale, kama kilomita 30 hivi kutoka Mombasa mjini. Watamu iko kaskazini, kaunti ya Kilifi, zaidi ya kilomita 100, karibu ufike Malindi. Mwenye gari yake anaweza kuvumilia hiyo tofauti. Mwanafunzi anayepanda magari ya umma na begi mgongoni, hiyo ni nusu siku nzima, na kurudi ni nusu siku ingine.

Wengi mtapanda SGR, ile treni ya Nairobi hadi Mombasa, na ni uamuzi mzuri. Toka mwanzo wa 2024 ekonomi ni 1,500 kwenda, fasti klasi ni 4,500 na sioni mwanafunzi akiihitaji. Mnakata tiketi kwa simu na *639#, mnalipa na M-Pesa, na kila mtu jina lake na namba ya kitambulisho lazima ziwe sawa na kadi atakayobeba, kwa hivyo anayekatia wengine aombe picha za vitambulisho, asiandike majina ya utani ya kwenye grupu. Stesheni ni Syokimau na kuna treni ya kawaida inatoka stesheni ya mjini inawapeleka mpaka hapo, ni rahisi kuliko teksi na haijui jam ya Mombasa Road. Fikeni saa moja kabla, ikiwezekana zaidi, juu mabegi yanapangwa chini yanuswe na mbwa alafu yanapita kwa mashine, foleni wakati wa likizo ni ndefu na treni haingojei mtu.

Sasa mmeshuka Miritini, stesheni ya SGR ya Mombasa. Anayeenda Diani zamani hakuwa na njia ingine, lazima aingie mjini avuke Likoni. Bado unaweza kufanya hivyo na ndio njia ya bei ya chini kabisa: matatu hadi mjini, matatu hadi Likoni, feri (mtu wa miguu halipi kitu), ng'ambo unapanda matatu ya Ukunda, na Ukunda unachukua tuktuk ama matatu ya kuingia Diani. Ni kubadilisha gari mara kadhaa na mizigo, lakini inafika. Sai kuna baipasi ya Dongo Kundu, imetoka huko huko Miritini ikapita juu ya maji kwa lile daraja refu la Mteza mpaka upande wa kusini bila kugusa feri. Kwa hivyo mkiwa kumi na kitu, ongeeni na mwenye matatu ya watu 14 awangojee stesheni, mgawane, na kabla jua halijazama mshaoga bahari. Hii baipasi imebadilisha Diani kabisa kwa mtu wa Nairobi, na ukisikia mtu bado anawatisha na foleni ya Likoni ujue hajaenda karibuni.

Anayeenda Watamu bado ana safari. Kutoka Miritini anaingia mjini, anatafuta gari za Malindi, anapita Nyali, Bamburi, Mtwapa ambapo msongamano ni wa kila siku, anavuka daraja la Kilifi, anashuka Gede, alafu tuktuk ama bodaboda kilomita chache mpaka Watamu. Ukitoka Syokimau saa mbili asubuhi, Miritini ni kama saa nane mchana, na Watamu unaingia giza likikaribia. Mkikodi gari yenu dereva anaweza kupitia Kaloleni atokee Mavueni, pale karibu na Kilifi, asiguse Mombasa kabisa, muulizeni kama anajua hiyo njia. Ila kwa Watamu mimi napenda basi ya usiku ya Nairobi kwenda Malindi. Unapanda jioni mjini, unalala vile utaweza, asubuhi unamwambia makanga akushushe Gede. Mgongo utauma, sikatai, lakini hujalipa nyumba usiku huo na siku yako ya kwanza ni nzima.

Ndio maana nauliza usiku ngapi. Mkiwa na usiku tatu, Watamu kwa treni inawamezea siku mbili njiani na mnabaki na mbili za kuishi. Diani kwa hizo usiku tatu inawaachia karibu zote. Mkiwa na usiku tano kwenda juu, hiyo hasara ya njia haisikiki tena na hapo Watamu inaanza kupendeza sana.

Bahari yenyewe sasa. Hapa nitakaa kidogo juu watu wa Nairobi tunaenda Pwani tukidhani bahari iko tu pale, kama swimming puli, unaingia saa yoyote. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa mpevu ama ukiandama ndio bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya juu na chini inaweza kukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Na kwa pwani yetu bamvua huwa na saa zake: maji yanajaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na yamekupwa kama saa nne, asubuhi na usiku.

Hiyo inawahusu vipi? Diani ni ufuo mmoja mrefu ulionyooka, unaweza kutembea masaa. Kwa bamvua, saa nne asubuhi maji yameenda mbali mpaka karibu na mwamba, unabaki na madimbwi na majani ya bahari, kuogelea hakuna, ni kutembea tu na viatu juu kuna wale wadudu wa miiba mieusi wanakaa kwa mawe na mwiba wake ukivunjika ndani ya mguu tripu imeharibika. Jioni saa kumi hiyo hiyo bahari imekuja imegonga kuta za mahoteli, sehemu zingine hakuna hata pa kuweka leso. Kwa maji mafu Diani ni tamu zaidi, mko na mchanga na mko na maji karibu siku nzima.

Watamu ni tofauti. Yenyewe ni ghuba ghuba, imegawanywa na mawe ya matumbawe yaliyosimama kwa maji kama uyoga, yameliwa chini yakabaki mapana juu. Na bamvua ambayo inawakosesha kuogelea Diani, Watamu ndio inaleta raha yake. Maji yakikupwa, mchanga unatokea katikati ya bahari, unatembea kwa miguu mpaka kile kisiwa wanaita Sudi, kwa madimbwi unaona samaki wadogo wa rangi, kaa, nyota za bahari. Msiguse, msiinue nyota ya bahari kupiga nayo picha, inakufa. Na boti za kwenda kuangalia matumbawe zinapendelea maji yakiwa chini juu ndio unaona vizuri. Muhimu ni kujua saa ya kurudi, bamvua inaporudi inarudi haraka, muulizeni mvuvi ama mtu wa boti hapo ufuoni kabla hamjatoka, hao wanajua bila kuangalia simu.

Na kwa sababu ni Aprili, kumbukeni Pasaka huhesabiwa kwa mwezi, huja Jumapili ya baada ya mwezi mpevu. Kwa hivyo wikendi ya Pasaka mara nyingi inaangukia bamvua ama mwisho wake. Angalieni jedwali la maji ya Mombasa kwenye intaneti kabla hamjalipa chochote, ni dakika mbili tu, na linaweza kuwaambia msogeze tarehe siku nne tano mpate bahari ya kuogelea mchana.

Kuna pia mvua. Masika Pwani ni kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, na Mei ndio inanyesha vibaya zaidi. Aprili mwanzoni ni bahati, inaweza kunyesha asubuhi na mchana jua likawaka kama hakuna kilichotokea. Upande mzuri ni kwamba Pasaka ikipita tu bei zinashuka sana kote kote, nyumba za mawe ya matumbawe zenye bwawa ambazo Disemba huwezi hata kuulizia mnazipata kwa bei ya kuongea. Likizo yenu ikianza baada ya Pasaka, nendeni baada, msikimbilie ile wikendi ambayo Nairobi nzima iko Pwani. Mkisikia mtu anasema bahari ya kaskazini huwa chafu wakati wa mvua, anaongea juu ya Malindi, si Watamu. Pale Malindi ndio mto Sabaki unaingilia, unakuja na tope ya huku kwetu juu, hata Mto Nairobi mwishowe unaishia huko kupitia Athi na Galana. Watamu iko kusini yake kidogo na maji yake kwa kawaida hubaki masafi.

Kulala. Hapa idadi ya watu ndio inaamua. Diani imekuwa mji wa watalii miaka mingi, barabara moja ndefu inafuata ufuo na nyumba za kila aina ziko pande zote mbili, kubwa za vyumba vitano sita, apatimenti, hosteli za vitanda vya ghorofa, na ukitaka bei ya chini zaidi unalala Ukunda kwenyewe ambapo wenyeji wanaishi, alafu asubuhi unashuka ufuoni na tuktuk. Mkiwa kumi na nne mtapata nyumba. Watamu ziko pia lakini ni kijiji, nyumba kubwa zenye bei ya mwanafunzi ni chache na zinaenda mapema. Kwa watu wanne, watano, sita Watamu inawafaa kabisa, kuna vibanda na vyumba ndani ya kijiji, unatembea dakika chache uko baharini. Nyinyi kumi na nne mkitawanywa nyumba tatu mtaanza kutafutana.

Msinipite hapa: utapeli wa nyumba za likizo ni mwingi na unalenga wanafunzi, juu tunatafuta bei ya chini na tunatafuta haraka. Picha ni nzuri, ni za kweli hata, ila zimeibwa kwa ukurasa wa nyumba ingine. Unaambiwa tuma dipoziti sai kuna grupu ingine inaitaka, unatuma kwa namba ya mtu binafsi, simu inazimwa. Fanyeni hivi. Mwambie mwenye nyumba akupigie vidio aingie nayo getini akionyesha barabara hadi chumbani, wakati huo huo, si vidio ya kutumiwa. Bonyeza picha zake utafute kama ziko mahali pengine na jina lingine. Angalia jina linalokuja M-Pesa kabla hujaweka PIN kama linafanana na la mtu ama kampuni uliyokuwa unaongea nayo. Na kila darasa halikosi mtu ametoka Kwale ama Kilifi, mwombeni kwa heshima ndugu yake apite hapo aangalie, mmtumie nauli na kitu ya asante. Dipoziti iwe ndogo, baki mlipe mkifika. Mwenye nyumba wa ukweli atakubali, akikataa kila kitu achaneni naye hata kama bwawa lake linang'aa.

Ulizeni pia maswali madogo: kuna neti kwa kila kitanda, kuna feni, jiko liko na gesi ama mtanunua, maji ya mfereji ni ya chumvi. Hilo la mwisho karibu kote ni ndio, kwa hivyo wekeni pesa ya maji ya kunywa ya mtungi wa lita 20. Na neti si mapambo, Pwani kuna malaria na sisi tuliokulia Nairobi miili haijaizoea. Ukirudi na homa hata baada ya wiki mbili mwambie daktari ulikuwa Pwani, upimwe.

Kula hakuna mji unashinda mwingine kwa mbali. Kote asubuhi mtu wa mfuko mdogo anakula mahamri na mbaazi, viazi karai, bajia, jioni mishikaki, pweza wa kuchoma, kachri, na dafu likikatwa mbele yako. Siri ni kutoka kwenye barabara ya watalii. Diani hiyo inamaanisha kwenda Ukunda, ni tuktuk kila mara, na hizo nauli zinajumlika. Watamu kijiji kiko palepale nyuma ya bahari, unavuka barabara unakuta mama anakaanga. Pia Watamu na Malindi Wataliano wamekaa miaka mingi kwa hivyo aiskrimu na piza ni za ukweli, bei yake ikiwa juu kidogo lakini mara moja inafaa. Mkiwa wengi chukueni mpishi wa hapo, mnunue samaki kwa wavuvi asubuhi wakirudi, awapikie wa kupaka na wali wa nazi. Salamieni watu wazima vizuri, shikamoo mzee, shikamoo mama, si lazima muwe mnawajua, kule salamu inakuja kabla ya bei na mtu akisalimiwa anakusaidia hata kwa kitu hukuuliza.

Usiku: kama lengo la tripu ni disko, Diani. Kuna mahali pa kwenda, kuna muziki hadi asubuhi, na bodaboda na tuktuk ziko saa zote. Watamu saa nne tano usiku kijiji kimetulia, kuna baa kadhaa na basi. Nimeona grupu ya watu wa sherehe imepelekwa Watamu, siku ya pili nusu yao wanaulizia gari za kwenda Mtwapa. Msilazimishe mji kuwa kitu sio. Ila popote mtakuwa, usiku msitembee ufuoni, hata mkiwa wawili watatu, na simu zikae ndani. Wasichana wasiachwe warudi peke yao, anayechoka mapema atafutiwe dereva mnayemjua tayari, kila siku mmoja wetu ndio anabaki na namba za hao madereva na hagusi pombe hiyo siku. Tunafanya hivyo kwa zamu na haijawahi kuharibia mtu raha.

Vitu vya kuona mchana, hapa moyo wangu uko Watamu na sitaficha. Bahari ya mbele yako yenyewe ni hifadhi, Watamu Marine National Park, ipo toka 1968, yeye na mwenzake wa Malindi ni kati ya hifadhi za kwanza za baharini Afrika. Huhitaji safari ndefu, boti inatoka hapo ufuoni. Karibu kuna magofu ya Gedi, mji wa Waswahili wa mawe ulioachwa miaka kama mia nne iliyopita, uko ndani ya msitu, una msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, makaburi ya nguzo, na mizizi ya miti imekumbatia kuta. 2024 UNESCO waliuweka kwa orodha ya Urithi wa Dunia. Kuingia kwa raia ni pesa kidogo, chukueni mwongozaji wa hapo ndani juu bila yeye mtaona mawe tu. Kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, ule mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki, na kuna Mida, hori ya mikoko ambapo unatembea juu ya njia ya mbao jioni ndege wakirudi. Yote hayo yako umbali wa tuktuk. Kwa mwanafunzi hiyo ni pesa nyingi imeokolewa.

Diani iko na yake, ila nyingi ziko mbali na Diani yenyewe. Pomboo na hifadhi ya Kisite-Mpunguti ni kwenda hadi Shimoni, kusini kabisa, ni siku nzima na lazima mlipe gari na boti na chakula pamoja. Shimba Hills iko na ndovu na palahala na maporomoko, nayo inataka gari. Ya karibu ambayo watu wanapuuza na mimi naipenda ni Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, moja ya makaya ya Wamijikenda yaliyoingia UNESCO 2008. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unavua kofia, unaingia na mwongozaji wa jamii anakuonyesha miti ya dawa na kukuambia kile hamruhusiwi kufanya. Bei ni ya wananchi na pesa inabaki kijijini. Alafu kuna mbega weusi na weupe wanaopita juu ya barabara kwa ngazi za kamba walizofungiwa wasigongwe na magari, hao wazuri hawasumbui mtu. Kima ndio wasumbufu, wanaingia kwa dirisha wakiona ndizi. Fungeni madirisha ya jikoni na msiwalishe, kima aliyezoea mkono wa mtu mwishowe anauma mtoto wa mtu.

Kwa boti ulizeni kitu kimoja kabla hamjapanda: hiyo bei imeweka ada ya KWS, shirika la wanyamapori, ndani ama ni kando? Ada inalipwa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, raia ana bei yake, kwa hivyo kitambulisho cha kitaifa na cha shule viwe kwa mfuko. Wengine wanawatajia bei ya chini alafu mkiwa tayari majini mnaambiwa ada bado. Na chupa za plastiki za kutupa zilipigwa marufuku kwa hifadhi na fukwe zilizolindwa toka Juni 2020, bebeni chupa zenu za kujaza.

Pesa. Nitatoa hesabu ya mfano, bei mtaweka zenu mkishaulizia. Tuseme Diani, watu 10, usiku 3, nyumba ni 15,000 kwa usiku: hiyo ni 45,000, kila mtu 4,500. Treni kwenda na kurudi 3,000. Chakula mkipika na kununua nje, wekeni 800 kwa siku, siku nne ni 3,200. Mmefika 10,700 kabla ya gari la Dongo Kundu, tuktuk na starehe. Watamu, watu 5, usiku 5, chumba na sebule kijijini 6,000: ni 30,000, kila mtu 6,000. Chakula siku sita 4,800. Nauli ikiwa karibu ile ile 3,000 na tuktuk ya Gede juu yake, mko 13,800 hivi, lakini mmekaa usiku mbili zaidi. Ukigawa kwa usiku, Watamu ndio inakuja bei ya chini. Ukiangalia jumla ambayo mtu anatoa mfukoni, ni Diani. Kwa watu ambao mkopo wa HELB umechelewa hiyo jumla ndio inaongea, na msimshinikize mtu aende na pesa hana. Kusanyeni kidogo kidogo kuanzia Januari, kwa namba moja ya mtu mnayemwamini na mwingine akiandika nani ametoa ngapi kwa grupu kila Jumapili.

Wale watauliza mbona sijataja Mombasa yenyewe: Nyali na Bamburi ni sawa kama mko na usiku mbili tu, hapo hata Diani ni haraka haraka. Kilifi ni nzuri kwa watu wametulia na iko njiani ya Watamu, unaweza kulala hapo usiku mmoja. Lamu nawaomba mngoje mkimaliza shule mkiwa na wiki nzima na pesa ya kutosha, ni mbali na inataka kupewa muda wake.

Uamuzi wangu nikiulizwa sai bila kujua mengine: grupu kubwa, mara ya kwanza, wikendi ndefu, nendeni Diani na treni, ila ile ya saa tisa mchana inafika Miritini kama saa mbili usiku, kwa hivyo chukueni ile ya saa mbili asubuhi na gari likiwa limeshapangwa, mle chakula cha jioni ufuoni. Marafiki wachache wanaopenda bahari kuliko muziki, wiki moja baada ya Pasaka, nendeni Watamu na basi ya usiku mshuke Gede. Na tiketi ya kurudi Nairobi ikatwe siku hiyo hiyo mnakata ya kwenda, Jumapili na Jumatatu ya Pasaka ndio zinajaa kwanza na darasa la Jumanne halina mtu wa kuwawekea sahihi.